Goti la Mjomba



Mimi ni karani wa parokia huku Guta, wilaya ya Bunda, kando ya Ziwa. Kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha marehemu na cha michango. Lakini leo nataka kuwasimulia habari za daftari moja ambalo si la ofisi. Nililinunua dukani kwa fedha yangu, nalo lilinifundisha jambo ambalo sikulipata hata katika chuo cha ualimu. Daftari hilo lahusu goti la mjomba wangu.

Mjomba ni mwalimu wa dini. Kwa miaka mingi alikwenda kwa miguu au kwa baisikeli kufundisha katekisimu katika kigango kilicho mbali na kanisa kama kilometa nne. Mwaka 2021, jioni moja, alikuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, wakagongana na gari. Mguu wake wa kulia ulisagika, na madaktari, ili wamwokoe, waliukata juu ya goti. Twamshukuru Mungu aliyemwachia uhai.

Yafaa nieleze kwanza kwamba kukatwa chini ya goti na kukatwa juu ya goti si jambo moja. Aliyekatwa chini bado ana goti lake mwenyewe, lililoumbwa na Mungu, lijualo lenyewe wakati wa kukunja na wakati wa kukaza. Aliyekatwa juu amepoteza viungo viwili kwa mara moja, yaani goti na kifundo cha mguu. Hutumia nguvu nyingi zaidi kutembea mwendo ule ule, na goti lake jipya ni chuma au plastiki ambayo haisikii chochote.

Basi, jumuiya ndogo ndogo zote zilichanga. Mwenye kuku alileta kuku, mwenye dagaa alileta debe la dagaa, wajane walileta walichonacho. Mimi ndiye niliyeandika kila shilingi. Mwaka 2022 Mjomba alipewa mguu wa bandia katika hospitali moja kubwa, nami nilimsindikiza. Alitembea juu ya sakafu ya saruji kati ya vyuma viwili vya kushikia, kisha akatembea bila kushika. Nilitokwa na machozi. Niliporudi niliwatangazia watu baada ya Misa: "Mwalimu wetu amepona, anatembea."

Kumbe nilisema upesi mno.

Haikupita miezi minne, Mjomba akaonekana tena na magongo. Mguu ulitundikwa nyuma ya mlango kama jembe wakati wa kiangazi. Watu wakaanza kunong'ona. Jumapili moja, chini ya mwembe, mama mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: "Karani, ule mguu wetu umekwenda wapi?" Neno lile "wetu" lilinichoma. Mwingine akasema kwamba huenda mguu ulikuwa wa bei ndogo na fedha nyingine zimeliwa. Tena kule kigangoni watoto wa Komunyo ya kwanza walikuwa wamekaa bila mafundisho kwa majuma mengi, na Baba Paroko alikuwa anafikiri kumtafuta mwalimu mwingine. Kwa Mjomba kazi hiyo ndiyo maisha yake. Nami jina langu lilikuwa limeingia mashakani.

Nilikwenda kwake nikiwa na hasira, nakiri.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Sikuvuta kigoda. Nikamwambia: "Mjomba, watu wanauliza. Tulichanga, ukapewa mguu, nawe unautundika ukutani. Tuwajibu nini? Waone kwamba wewe ni mvivu?"

Alikaa kimya kidogo, akitazama ziwani. Kisha akasema: "Mwanangu, wote mmeniuliza habari za mguu. Hakuna aliyeniuliza habari za siku yangu. Njoo kesho kabla hakujapambazuka. Na uje na kalamu, maana wewe ni mtu wa kuandika."

Nilifuatana naye siku saba, toka alfajiri mpaka usiku. Nitawasomea baadhi ya yale niliyoandika.

Jambo la kwanza la siku ni choo. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Goti la Mjomba lilikuwa la kufunga. Atembeapo limekazwa kama mti, na atakapo kuketi huvuta kikamba kidogo, likajikunja. Lakini goti la namna hiyo halijui katikati. Ama limenyooka kabisa, ama limelegea kabisa. Kuchuchumaa haliwezi, na kuinuka kutoka chini haliwezi. Basi alivua mguu, akaenda kwa magongo juu ya udongo wenye utelezi, akishika ukuta. Mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi! Hospitalini sikuwa nimefikiri habari za choo hata kidogo.

Jambo la pili ni njia. Kwa kuwa goti halikunji, alilazimika kuinua nyonga na kuzungusha mguu kwa nje kila hatua. Kwenye sakafu hilo si tabu kubwa. Lakini njia yetu yapita katikati ya mabua ya mtama, na ncha ya kiatu ilinasa kila mara. Mvua iliponyesha, udongo mweusi wa mbuga ulishika kiatu kama gundi, na mguu ukawa mzito maradufu. Kule mwaloni, alikokwenda kununua samaki, kisigino kilizama mchangani, naye akabaki amesimama kama mtumbwi uliokwama.

Jambo la tatu ni jasho. Paja lililokatwa, ambalo huitwa kigutu, huingia ndani ya kikombe cha plastiki. Katika miezi ya kwanza baada ya kukatwa, kigutu hupungua unene. Cha Mjomba kilikuwa kimepungua, na kikombe kikacheza. Alikuwa amejaza vipande vya kanga ili kikaze, na vipande hivyo vilimchubua. Siku ya tano aliniruhusu nitazame. Kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa shilingi mia. Siku ya saba hakuuvaa mguu kabisa.

Lakini niliandika jambo la nne, nalo ni la haki kulisema. Siku ya tatu tulifika kigangoni kwa kupakiwa baisikeli. Alisimama mbele ya ubao saa nzima, chaki mkono mmoja, kitabu mkono mwingine, bila kuegemea kitu. Lile goti lililokazwa lilimshika imara kama nguzo ya nyumba. Mtu wa magongo hana mikono, wasomaji wapendwa; mikono yake imefungwa kazi ya miguu. Pale darasani, kwa muda wa saa moja, Mjomba alikuwa na mikono yake tena. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Mwisho wa juma nilijumlisha. Alianguka mara mbili na kujikwaa mara kumi na tatu. Niliporudi nyumbani usiku ule sikuweza kulala upesi. Nilikuwa nimemwita mvivu mtu anayefanya kabla ya saa tatu asubuhi kazi ambayo mimi sifanyi kutwa.

Wakati huo huo ndugu yetu mmoja aishiye Ulaya alituma picha za simu zikimwonyesha mtu mwenye goti lenye kompyuta ndani, akishuka ngazi kama sisi. Ukoo wote ukasisimka. Wengine wakasema tuuze ng'ombe, wengine tuanze mchango mpya. Mimi nilikwisha kuumwa na nyoka, nikaogopa hata ukambaa. Nikasema: "Ngojeni, kwanza tujue kitu hicho hufanya nini."

Nilisoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Goti lolote la bandia lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutojikunja wakati uzito wa mwili uko juu yake. Kazi ya pili ni kujikunja wakati mguu unapokwenda mbele, ili ncha ya kiatu isigonge chini. Kazi hizi mbili zapingana, na ufundi wote wa magoti ni kuzipatanisha.

Goti la kufunga hufanya kazi ya kwanza vizuri sana na kuiacha ya pili. Liko goti jingine lenye vipande vinne vilivyounganishwa kwa misumari ya kuzungukia. Mtu akikanyaga kisigino, vipande vyake hujipanga hata goti likatulia. Akiinua mguu, hujikunja na kuufanya uwe mfupi kidogo, upite bila kunasa. Liko tena goti lenye mafuta au hewa ndani, ambalo huzuia mguu usirushwe ovyo mtu anapobadili mwendo. Na la mwisho ni hilo la kompyuta. Lina vipimo vinavyosoma pembe na uzito mara nyingi katika kila sekunde, na mashini ndogo hukaza au kulegeza goti kwa kadiri ya hatua.

Kiwanda cha Otto Bock, kilichoanzishwa Berlin mwaka 1919 kwa ajili ya askari waliokatwa viungo katika Vita Kuu ya Kwanza, ndicho kilichotoa mwaka 1997 goti la kompyuta liitwalo C-Leg. Watu wa elimu wamelipima sana. Mwaka 2007 Brian Hafner na wenzake huko Marekani walichapa habari za watu waliohama kutoka magoti ya kawaida kwenda kwenye hilo. Hawakuwapima kwa mwendo wa sakafuni tu. Waliwatazama wakishuka ngazi na miteremko, na waliwauliza wenyewe habari za kujikwaa na kuanguka. Waliona kwamba kushuka kumekuwa bora, kujikwaa na kuanguka kumepungua, na wengi walilipenda goti jipya kuliko la zamani.

Basi tusidharau. Si kitu cha fahari tu. Laweza kumwokoa mtu na kuvunjika nyonga. Lakini bei yake ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Lataka kuchajiwa kama simu, na umeme wetu hukatika. Aina nyingi hazipendi maji, ingawa baadhi ya zile mpya huyavumilia, nasi tunaishi kwa maji. Likiharibika, fundi wake hayupo Bunda. Wala halichuchumai chooni. Nilipomsomea Mjomba haya yote alicheka, akasema: "Hilo litafaa sana mpaka siku ya kwanza ya mvua."

Nilifarijika niliposoma habari za India. Huko, katika mji wa Jaipur, watu wengi waliopewa miguu ya namna ya Ulaya waliiacha nyumbani, kama Mjomba. Haikuwaruhusu kuchuchumaa, kuketi sakafuni, kutembea peku wala kuingia shamba lenye maji. Mwaka 1968 mchonga sanamu mmoja, Ram Chandra Sharma, pamoja na daktari P. K. Sethi, walitengeneza wayo wa mpira ulio laini, usioogopa maji wala kutaka kiatu. Na mwaka 2009, wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, wakishirikiana na watu wa Jaipur, walitoa goti la plastiki la vipande vinne lililokusudiwa kugharimu dola kama ishirini tu. Wale hawakuanza kwa kuuliza kitu gani ni cha kisasa kuliko vyote. Walianza kwa kuuliza mtu wa kwetu anaishije.

Basi tulirudi kwa fundi wa viungo vya bandia, Mjomba, mimi na daftari. Niliogopa atakasirika na kuniona karani mjuvi. La hasha! Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza njia ya kigangoni ina mteremko gani, akauliza urefu wa kigoda. Kisha akasema kwamba wagonjwa wengi, wakiulizwa "Mguu u hali gani?", hujibu "Mzuri, asante," kwa heshima, halafu huenda kuutundika. Nasi Waafrika twajijua: aliyepewa zawadi haoni adabu kuisema kasoro. Mafundi wa namna hii hufundishwa hapa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT kilicho kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981, na wanafunzi hutoka hata nchi nyingine za Afrika. Elimu ipo. Lakini fundi haoni njia ya mabua ya mtama asipoelezwa.

Alibadili kikombe, kwa kuwa kile cha zamani kilikwisha kuwa kikubwa. Akampa soksi za kigutu, akamfundisha kuongeza moja kigutu kinapopungua. Kisha akaweka goti la vipande vinne, na akamweka siku kumi kujifunza upya, si sakafuni tu, bali nje, juu ya majani na kokoto.

Baada ya miezi mitatu nilifuatana na Mjomba tena siku saba, na daftari lile lile. Hakuanguka. Alijikwaa mara nne. Alivaa mguu siku zote saba, na siku mbili alikwenda kigangoni kwa miguu yake, kilometa nne, kwa kupumzika mara tatu. Kidonda kilikwisha kupona.

Lakini sitaki kuwadanganya kama nilivyowadanganya watu wa Guta mara ya kwanza. Yapo aliyoyapoteza. Goti la zamani lilimshika kama nguzo. Hili jipya lataka aliangalie. Akisimama ubaoni muda mrefu hujishika kwenye meza. Akibeba ndoo, au akisimama penye mteremko wa mwalo, huwa na hofu kwamba goti laweza kujikunja. Siku ya matope bado hutumia magongo, tena bila aibu. Na choo hakikutengenezwa na goti lolote. Kilitengenezwa na seremala wetu, aliyetoboa kiti cha mbao kwa kazi ya siku moja, na kijana mmoja aliyekaza mti wa kushikia ukutani. Kwa kweli Mjomba asema kwamba kati ya mambo yote, kile kiti ndicho kilichomrudishia heshima yake.

Ndipo nikaelewa. Mguu haupimwi kwa bei yake, wala kwa upya wake, wala kwa jinsi uendavyo hospitalini. Hupimwa kwa siku nzima ya mwenye kuuvaa, toka anapoamka mpaka anapolala, mahali anapoishi. Na mpimaji wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, ninyi mlio na ndugu aliyekatwa mguu, nawaomba msimwulize tu kama mguu ni mzuri. Mwulizeni: Jana uliuvaa saa ngapi, na mbona uliuvua? Umeanguka mara ngapi juma hili, na wapi? Waenda chooni namna gani? Ni mahali gani ambapo ungetaka kwenda na huendi? Kigutu kina kidonda? Andikeni majibu, mpelekeeni fundi, na msione haya kurudi. Mguu wa bandia si kama jeneza, ambalo likishatengenezwa limekwisha; wataka kutazamwa na kurekebishwa mara kwa mara. Nasi tunaochanga tukumbuke kubakiza akiba ya nauli ya kurudi, maana fedha zetu za kwanza ziliishia kwenye mguu, ya kurudi ikawa hakuna.

Limebaki jambo moja. Jambo lililomhuzunisha Mjomba kuliko yote ni kwamba hawezi kupiga magoti. Goti la kwanza halikuweza. Hili la pili laweza kukunjika, lakini kuinuka toka chini mbele ya watu ni mashaka. Alikuwa akiketi nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, ili watoto aliowafundisha kupiga magoti wasimwone yeye amesimama. Sikulijua hilo mpaka nilipolikuta katika daftari langu mwenyewe, siku ya Jumapili, nilipoandika tu: "Ameketi mlangoni." Nilimweleza Baba Paroko. Baba alimwita, akamkumbusha kwamba Kanisa lenyewe limeagiza asiyeweza kupiga magoti ainame sana wakati padre anapopiga goti baada ya mageuzo, na kwamba Mungu hatazami goti la plastiki.

Watoto wa kigango walipopokea Komunyo yao ya kwanza mwaka 2024, mwalimu wao alikuwa amesimama mbele, kando ya benchi lao. Kengele ilipolia, watoto walipiga magoti, naye aliinama chini sana, mkono mmoja juu ya benchi. Yule mama wa chini ya mwembe alikuwa karibu nami. Hakuuliza tena habari za mguu. Alininong'oneza tu: "Karani, mwulize mwalimu kama anahitaji soksi nyingine. Mimi nitachanga."

Nililiandika hilo pia.